Moyo wa Mama Sambaza, na dawa tuliyompa sisi



Juma hili hatuleti habari ya ushonaji wala hesabu ya kasha la likelemba. Tunaleta habari yetu wenyewe, na si ya kujisifu. Mwenzetu tunayemwita Mama Sambaza (ni jina la sokoni, la nyumbani analo lingine) ametupa ruhusa ya kuiandika kwa sharti moja: tusiandike kwamba ni yeye aliyekosa. Tulikubali bila kubishana, kwa sababu kweli si yeye. Ni sisi.

Ninyi wa Bukavu mnaijua kazi ya sambaza. Wavuvi wanakesha ziwani na taa zao, na mama anayetaka samaki wazuri kwa bei ya kwanza lazima awe ameshika nafasi kando ya maji kabla jua halijatoka. Mama Sambaza anaamka saa tisa ya usiku, anamfunga mtoto mgongoni, anateremka na beseni lake. Mtoto huyo, wa tatu, alikuwa na miezi minne. Mvua iliwanyeshea siku mbili mfululizo, na alhamisi alipokuja mkutanoni pua yake ilikuwa imeziba, sauti imekauka, macho mekundu. Gripi, wala hakuna aliyeshangaa.

Sasa, katika kikundi chetu kila mtu ni munganga. Mmoja alisema tangawizi na ndimu. Mwingine alisema achemshe majani ya mkaratusi, ajifunike blanketi, avute mvuke. Kisha Koko wetu, ambaye ndiye mkubwa kuliko sisi wote na ambaye tunamheshimu kwa haki, akafungua mkoba wake akatoa kipande cha vidonge kilichokatwa kwa makasi. Akasema, "Hivi vilinisaidia mimi mwenyewe. Pua ilifunguka kama mlango." Tukapiga makofi. Mwingine akakumbuka kwamba nyumbani kuna nusu chupa ya siro ya gripi iliyobaki kwa mtoto wake mkubwa, akamtuma binti mbio kuileta. Mama Sambaza alishukuru, akaweka vyote ndani ya kitambaa pamoja na pesa yake ya mzunguko, akaenda.

Hakuna aliyesoma jina lililoandikwa juu ya vile vidonge. Tungesoma nini? Kipande kilikuwa kimekatwa katikati ya jina. Kwenye farmasi ndogo za kando ya njia ndivyo tunavyonunua, vidonge vinne, sita, kadiri ya franka zilizo mkononi, na boksi pamoja na karatasi yake ya maelezo inabaki kwa muuzaji. Siro nayo ilikuwa na karatasi, lakini maandishi madogo kama mayai ya chawa.

Akameza kidonge asubuhi, kingine mchana, kingine usiku. Alipoona pua inafunguka kweli akaongeza siro katikati, maana aliwaza kwamba siro ni ya kifua na vidonge ni vya pua, kwa hiyo havigombani. Na kila usiku, kabla ya kuteremka ziwani, kahawa nzito ya chupa ya moto, kama kawaida yake. Tangu alhamisi mpaka jumapili.

Jumapili usiku mume wake aligonga kwa mmoja wetu. "Njooni, moyo wa mama unataka kutoka." Tulipofika tulikuta ameketi kitandani, mikono inatetemeka, midomo imekauka, macho yamefunguka kama ya mtu aliyeona nyoka. Alisema hajalala tangu ijumaa. Alishika mkono wa mmoja wetu akauweka kifuani, na wote tuliogusa tulisikia: moyo haukuwa unapiga, ulikuwa unakimbia. Na mtoto analia. Anashika titi, ananyonya kidogo, anaachia, analia tena kwa hasira. Mama mkwe alisema maziwa yameingia baridi ya ziwa, afadhali mtoto aanze uji. Mwenzetu mmoja (hatutamtaja, naye anajijua) akanong'ona habari ya mama wa meza ya jirani sokoni ambaye, alisema, tangu zamani ana jicho baya juu ya samaki za mwenzake. Sisi tukaanza maombi.

Maombi hatuyajutii. Lakini tulikaa saa nzima na zaidi, na katika saa hiyo yote hakuna hata mmoja aliyemwuliza, mama, umemeza nini? Tulikuwa tunatafuta adui njiani, nyumbani mwa jirani, ndani ya ziwa. Dawa tuliyoitoa kwa mikono yetu ilikuwa juu ya meza, karibu na taa, na mmoja wetu aliisogeza ili aweke Biblia.

Alfajiri tulimpakia kwenye pikipiki mpaka kituo cha afya.

Muuguzi wa zamu alikuwa msichana, umri wa binti zetu. Hakushika mashine yoyote kwanza. Aliweka vidole vitatu chini ya dole gumba la Mama Sambaza, akatazama saa yake, akanyamaza dakika nzima. Kisha akasema: 138. Akapima tansioni: 160 juu, 100 chini. Ndipo akauliza lile swali. Mama Sambaza alisema hajanywa kitu ila chai na kahawa. Muuguzi akarudia, "Na dawa, mama?" Kimya. Mama Sambaza hakutaka kututaja mbele yetu. Ni Koko mwenyewe aliyefungua mkoba, akatoa kipande kilichobaki, na tukamtuma yule bwana nyumbani kuleta chupa ya siro.

Muuguzi alivigeuza vyote viwili kwenye mwanga wa dirisha. Akatuonyesha kwa kidole neno moja refu, nusu yake kwenye kidonge, lote zima kwenye siro: pseudoéphédrine. "Mmempa dawa moja mara mbili," alisema. "Na kahawa juu yake." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angetugombeza.

Tangu siku ile tumerudi kwake mara mbili, alhamisi jioni akiwa hayuko zamu, na binti wa mmoja wetu anayesoma udaktari amekaa nasi na vitabu vyake. Tuliyojifunza tunayaeleza hapa kadiri tulivyoelewa.

Ndani ya mwili wa kila mtu iko dawa ya hofu. Ukikutana na mbwa mkali kwenye kona, kabla hujawaza, moyo umeshaanza kupiga haraka, mate yamekauka, usingizi umekwisha. Hiyo ni kazi ya adrenalini na ndugu yake noradrenalini, ambavyo mwili unavitengeneza wenyewe na kuviweka akiba. Wataalamu wanaviita amini, kwa sababu ya jinsi vilivyoundwa. Sudoefedrini iliyo katika vidonge vya pua, pamoja na ndugu yake efedrini, ni amini pia, na zinafanana sana na zile za mwili. Zikiingia, zinafungua ile akiba ya noradrenalini iliyo kwenye ncha za mishipa ya fahamu, nayo inamwagika bila mbwa yeyote kuwapo. Mishipa midogo ya damu ndani ya pua inabana, uvimbe unapungua, pua inafunguka kama mlango, Koko hakusema uongo. Lakini dawa iliyomezwa haiendi puani peke yake. Inazunguka na damu mwili mzima, inabana mishipa mahali pengine, tansioni inapanda, na moyo unaambiwa ukimbie. Mama Sambaza alikuwa amekaa siku tatu mbele ya mbwa asiyeonekana. Kahawa si ya ukoo huu wa amini, lakini inasukuma gari lile lile kutoka nyuma.

Habari ya dawa hii ni ya zamani. Huko China kuna kichaka kikavu kisicho na majani ya kuonekana, wanakiita ma huang, na waganga wa huko wamekitumia kwa kikohozi na pumu kwa zaidi ya miaka 2000. Mwaka 1885 mkemia Mjapani, Nagai Nagayoshi, alitoa ndani yake kitu safi, efedrini. Karibu miaka 40 ikapita bila wengi kuijali. Kisha, katika chuo cha udaktari cha Peking, Mchina K. K. Chen na Mmarekani Carl Schmidt wakaanza kuichunguza, na mwaka 1924 wakatangaza waliyoyaona: inapandisha tansioni, inaharakisha moyo, inafungua kifua, kazi zinazofanana na za adrenalini, ila hii inafanya kazi hata ikimezwa na inadumu zaidi. Tulipenda sana kusikia kwamba Chen alielekezwa kwenye kichaka hicho na mzee wa ukoo wake aliyejua dawa za mimea. Koko alicheka kwa mara ya kwanza tangu jumapili ile.

Miaka mitano baadaye, 1929, Mmarekani Gordon Alles, aliyekuwa anatafuta dawa ya kuchukua nafasi ya efedrini, alijidunga mwenyewe amini nyingine ya ukoo huo, amfetamini. Katika maandishi yake ya siku hiyo aliandika kwamba pua ilifunguka na kukauka, moyo ulidunda, alijisikia vizuri, akaongea sana, na usiku hakulala vizuri. Mama Sambaza aliposomewa hayo alisema, "Huyo angekuja kuuza sambaza na mimi."

Lakini kuna sehemu isiyochekesha. Huko Marekani, miaka ya 1990, kile kichaka cha China kilianza kuuzwa kwenye makopo na vidonge kama kitu cha asili, cha kupunguza mwili na kuongeza nguvu. Neno "asili" lilitosha kuwatuliza watu, kama linavyotutuliza sisi. Malalamiko yakafika serikalini. Wataalamu wawili, Christine Haller na Neal Benowitz, walichunguza malalamiko 140 yaliyopokelewa kati ya mwezi wa 6 mwaka 1997 na mwezi wa 3 mwaka 1999, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Karibu theluthi moja waliona kwamba hakika au inaelekea sana yalitokana na vidonge hivyo, na theluthi nyingine huenda yalitokana navyo. Katika hayo, karibu nusu yalikuwa ya moyo na mishipa ya damu: tansioni kupanda, moyo kwenda mbio. Walikuwako waliopooza upande, waliopata degedege, na watu 10 walikufa. Mwaka 2003 uchunguzi mwingine ulikusanya majaribio 50 na kupata kwamba dawa hizi zilipunguza mwili kwa kilo moja hivi kwa mwezi, na wakati huo huo ziliongeza hatari ya moyo kudunda, kutapika na kuvurugika kwa akili, mara mbili mpaka tatu na nusu hivi. Kilo moja! Mwezi wa pili wa mwaka huo huo mchezaji wa besiboli, Steve Bechler, kijana wa miaka 23, alianguka mazoezini Florida akafa kesho yake kwa joto kali la mwili, na mchunguzi wa kifo alisema vidonge vya kichaka hicho vilikuwa na sehemu yake. Mwaka 2004 serikali yao ilivipiga marufuku.

Tunajua, huku kwetu wengi wanatafuta vidonge vya kunenepa, si vya kukonda. Hizo nazo zina hatari zake na tutaziandika juma lingine. Lakini mazoea ni yale yale, kidonge kisicho na boksi, kutoka mkoba hadi mkoba.

Ni haki pia tuseme upande wa pili, maana muuguzi alitukataza kutisha watu bure. Kwa mtu mzima asiye na tansioni, akimeza sudoefedrini kwa kipimo cha kawaida, moyo huongezeka kidogo tu. Mwaka 2005 wachunguzi walikusanya majaribio 24 ya watu wazima zaidi ya 1200: kwa wastani moyo uliongezeka mapigo matatu hivi kwa dakika, na tansioni ya juu alama moja. Ndiyo maana Koko alimeza akapona, na sisi wengi tumemeza bila kujua. Taabu inaanza kipimo kinapozidi, dawa mbili zenye kitu kimoja zinapokutana, au mtu anapokuwa na tansioni asiyoijua. Mama Sambaza alikuwa na yote matatu. Jumanne mapigo yalikuwa yameshuka mpaka 84, kwa kuacha tu dawa na kahawa, kunywa maji na kulala. Lakini tansioni ilibaki 140 kwa 90. Tangu azae hakuwa amerudi kupimwa hata mara moja, kwa sababu ya kazi. Kwa hiyo ile gripi ilifunua jambo lililokuwa limejificha, na sasa anapimwa kila juma mbili.

Na mtoto? Hapa ndipo sisi wamama tulinyamaza zaidi. Maziwa hayakuwa yameingia baridi. Yalikuwa yamepungua. Huko Australia wachunguzi waliwapa wamama 8 wanaonyonyesha kipimo kimoja tu cha sudoefedrini, miligramu 60, wakapima maziwa yao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003: katika saa 24 maziwa yalipungua kwa karibu robo. Kipimo kimoja! Mwenzetu alikuwa amekunywa siku tatu, vidonge na siro. Na sehemu ndogo ya dawa inapita ndani ya maziwa yenyewe, na watoto wengine inawafanya wakasirike na kukosa usingizi. Yule mtoto aliyekuwa anaachia titi na kulia, ambaye tulimwekea mikono kichwani tukikemea, huenda alikuwa na njaa, na huenda moyo wake mdogo nao ulikuwa macho pamoja na wa mama yake.

Mama mkwe alipenda kuanza uji. Muuguzi alikataa, akamwelekeza mama anyonyeshe mara nyingi, mchana na usiku, hata ikionekana hakuna kitu, maana titi linaloitwa ndilo linaloitika. Siku ya nne maziwa yalianza kujaa. Siku ya sita mtoto alilala mpaka tukaenda kumtazama kama anapumua.

Na ile siro, jamani. Tulikuwa tumeileta kwa ajili ya mama, lakini binti aliyeileta anasema alipofika nayo mama mmoja alishauri kwamba mtoto naye, kama pua imeziba, apewe nusu kijiko. Hakupewa. Haikuwa kwa sababu ya hekima yetu. Ni kwamba alikuwa amelala. Mwaka 2007 huko Marekani ilichapishwa habari ya watoto watatu wachanga, wote wa miezi 6 au chini yake, waliokufa mwaka 2005 baada ya kupewa dawa za gripi, na katika damu ya wote watatu ilikutwa sudoefedrini kwa wingi mno. Mwaka uliofuata serikali yao iliwaonya wazazi wasimpe mtoto wa chini ya miaka miwili dawa hizo za kununua bila munganga. Ufaransa nayo, mwaka 2023, ilishauri hata watu wazima wasitumie vidonge vya pua vyenye sudoefedrini, na tangu mwezi wa 12 mwaka 2024 haviuzwi huko pasipo karatasi ya daktari. Huku vinakatwa kwa makasi.

Kwa mtoto mchanga mwenye pua iliyoziba muuguzi anasema matone machache ya maji ya chumvi safi puani na titi mara kwa mara. Asali ni nzuri kwa kikohozi, ila si kwa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja. Akipumua kwa haraka, mbavu zikiingia ndani, au akikataa kunyonya kabisa, hiyo si gripi ya kungojea asubuhi.

Mmoja wetu, aliposikia yote haya, alisema dawa hii ichomwe sokoni. Hapo muuguzi akamwuliza, "Mama, wewe si ulizaa kwa kupasuliwa?" Ndiyo, mwaka juzi. Akamweleza kwamba wakati wa kudungwa sindano ya mgongo ili asisikie kisu, tansioni ya mama inaweza kuanguka ghafla, akazimia, na mtoto tumboni akakosa hewa. Dawa ambayo waganga wanaweka karibu kwa saa hiyo ni efedrini, na iko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya kazi hiyo hasa. Yule mama alikumbuka kwamba mezani aliona giza, akataka kutapika, kisha wakampa kitu kwenye mshipa na mwanga ukarudi. Hajui kilikuwa kitu gani. Alikaa kimya mpaka mwisho wa mkutano. Vivyo hivyo wale wenye pumu: dawa ya kuvuta inayoitwa salbutamoli inaweza kutetemesha mikono na kuharakisha moyo kidogo, lakini asiitupe mtu kwa sababu ya makala haya. Kukosa pumzi kunaua haraka kuliko moyo kudunda.

Tena si kila moyo unaokimbia umekimbizwa na dawa. Homa ya malaria inaukimbiza, na upungufu wa damu, na kuhara bila kunywa maji, na kutoka damu nyingi baada ya kuzaa. Kuna wamama ambao moyo wao unadhoofika mwisho wa mimba au miezi ya kwanza baada ya kuzaa, miguu inavimba, wanashindwa kulala chali. Huyo asiambiwe apumzike tu. Na mwenye mimba au aliyetoka kuzaa, akiumwa kichwa sana na kuona nyota nyota, apelekwe siku hiyo hiyo.

Tumejifunza kuhesabu, wote, hata wale wasiosoma. Vidole viwili au vitatu kwenye mkono, chini ya dole gumba, si dole gumba lenyewe kwa sababu nalo lina mapigo yake na litakudanganya. Mtu awe ameketi na kutulia. Dakika nzima kwa saa ya simu. Mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100. Mtoto mchanga moyo wake ni wa haraka kwa asili, 100 mpaka 160, usimshtukie. Alhamisi ile tulihesabiana huku na huku, kelele kama shule. Mmoja akapata 40 kwa mwenzake, tukaogopa, kumbe alihesabu nusu dakika.

Hatujasema neno kuhusu Koko. Baada ya siku ile hakuja mkutanoni alhamisi mbili. Alituma mjukuu na pesa yake ya mzunguko, yeye haonekani. Alhamisi ya tatu tulimfuata nyumbani, Mama Sambaza mbele, mtoto mgongoni, na sambaza kwenye kisahani. Koko alikuwa ameketi mlangoni anachagua maharagwe, hakuinua uso. Alisema, "Miaka arobaini nimekuwa nikiwapa watu dawa. Sasa ninawaza wangapi." Hakuna aliyekuwa na la kujibu. Mama Sambaza alifungua kitambaa, akampakatisha mtoto, akaketi chini kando yake akaanza kuchagua maharagwe naye. Sisi wengine tukaketi pia. Tulichagua maharagwe yote.

Tulipotaka kuondoka Koko alimwita mjukuu alete kikapu kilichokuwa chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na vipande vya vidonge vya kila rangi, chupa bila vifuniko, sindano moja, na miwani iliyovunjika mkono. Tulihesabu aina 31. Saba tu ndizo zilikuwa na jina linalosomeka. Muuguzi amezichukua zote, isipokuwa miwani, ambayo kasha limelipia mkono mpya.

Mama Sambaza alipoteza siku kumi na mbili za soko. Meza yake tuliishika kwa zamu, na tumekubaliana zamu yake ya likelemba ije mbele, mwezi huu badala ya mwezi wa tisa. Yule mama wa meza ya jirani, mwenye jicho baya, ndiye aliyetununulia samaki ziwani siku zote hizo kumi na mbili na hakudai faida. Mwenzetu aliyenong'ona amekwenda kumwomba msamaha. Hakusimulia walichozungumza, ila alirudi na sambaza.

Alhamisi ijayo, saa tisa ya alasiri, muuguzi atakuja. Kila mmoja alete dawa zote zilizo nyumbani kwake, hata zile za ndani ya sanduku, hata za mume. Koko atakaa kwenye meza ya kupokea, amesema mwenyewe.

Sisi wamama wa kikundi cha alhamisi